Ambedkar, kasti na demokrasia ya India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gandhi anajulikana hata na mtoto wa darasa la tano. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika katiba ya India na aliyezaliwa miongoni mwa watu walioitwa wasioguswa, wasomaji wengi wa Kiswahili hawamjui, au wamesikia jina tu. Majibu haya ni kwa ajili yao. Msimamo wa mwandishi hautafichwa: katika mabishano mengi kati ya hao wawili, Ambedkar ndiye aliyeona mbali.

Kasti ni nini hasa? Si ni mambo ya matajiri na maskini tu?

Hapana. Maskini akipata fedha, jirani aliyempita jana bila salamu leo anamwamkia. Kasti haiendi hivyo. Unazaliwa nayo, unaoa au kuolewa ndani yake, na katika vijiji vingi hata mahali pa kuchomea maiti pametengwa kwa kufuata hiyo hiyo. Vitabu vya kale vya Kihindu vinataja makundi manne: Brahmani, Kshatriya, Vaishya na Shudra. Maisha ya kila siku, hata hivyo, yanaendeshwa na maelfu ya makundi madogo yaitwayo jati, ambayo kwa desturi kila moja lilifungamana na kazi fulani. Nje ya yale manne, chini kabisa, waliwekwa watu ambao kuwagusa kulihesabiwa unajisi: waliobeba mizoga, waliofagia vyoo, waliotengeneza ngozi.

Wengi wao leo hujiita Wadalit. Serikali huwaita kasti zilizoorodheshwa, na sensa ya 2011 iliwahesabu kuwa asilimia 16.6 ya wananchi, yaani zaidi ya milioni 200. Idadi hiyo haiko mbali na jumla ya watu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi leo.

Ambedkar aliongeza jambo ambalo wengi hulipita. Alisema huu ni usawa uliovunjwa kwa daraja. Kila kundi lina la juu yake la kuliheshimu na la chini yake la kulidharau, isipokuwa lile la mwisho. Ndiyo maana walioonewa hawakuungana. Aliyeko katikati anaumia, lakini ana cha kupoteza: ana mtu wa kumdharau.

Ni mambo ya Wahindu peke yao?

Mizizi yake iko katika dini ya Kihindu, lakini tabia imeenea kuliko dini. Masingasinga, Wakristo na Waislamu wa Bara Hindi wanazo tofauti za kasti ingawa mafundisho yao yanazikataa. Nepal, Pakistan na Sri Lanka pia zimo.

Kuitwa "asiyeguswa" kulikuwaje katika maisha ya siku hadi siku?

Chukua mtoto mmoja, Bhimrao, aliyezaliwa Mhow tarehe 14 Aprili 1891 katika jamii ya Mahar. Baba yake alikuwa askari mwenye cheo katika jeshi la Waingereza, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na njaa, na mtoto alisomeshwa. Shuleni alikaa peke yake juu ya kipande cha gunia alichokuja nacho kutoka nyumbani na kurudi nacho jioni, kwa sababu mfagiaji wa shule hakukubali kukigusa. Akishikwa na kiu hakuruhusiwa kufungua bomba. Ilibidi mhudumu wa shule amfungulie. Mhudumu asipokuwepo, anashinda na kiu.

Nywele zake alinyolewa na dada yake. Mjini Satara vinyozi walikuwepo tele, na pesa ya kuwalipa ilikuwepo, ila hakuna kinyozi aliyekubali kumgusa. Nguo za familia nazo zilifuliwa nyumbani kwa sababu hiyo hiyo.

Elimu haikumwokoa. Mtawala wa Baroda alimlipia masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuanzia 1913. Aliporudi kumtumikia mtawala huyo, hakupata chumba cha kulala mji mzima. Akajiandikisha kwa jina la Kiparsi katika nyumba ya wageni ya Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, na siku chache baadaye wakaja wanaume wenye fimbo kumtoa. Huyu ni mtu aliyekwisha kusoma uchumi New York na London.

Kabla ya Ambedkar hakukuwa na waliopinga?

Walikuwepo, na mmoja wao yeye mwenyewe alimhesabu kuwa mwalimu wake. Jotirao Phule, pamoja na mkewe Savitribai, walifungua shule ya wasichana Pune mwaka 1848, na Savitribai akafundisha huku akirushiwa matope njiani. Mwaka 1873 Phule alitoa kitabu kuhusu utumwa wa watu wa kasti za chini, akakitabaruku kwa watu wema wa Marekani kwa kuwakomboa watumwa weusi. Tendo hilo linastahili kufikiriwa kidogo: Mhindi wa Pune, ambaye hakuwahi kufika Marekani, aliona kwamba kesi yake na ya Mwafrika wa kule ni moja.

Huko kusini, Kerala, Ayyankali alipanda gari la ng'ombe mwaka 1893 na kupita barabara ambayo watu wa jamii yake walikatazwa hata kuitembea. Katika nchi ya Watamil, E. V. Ramasamy, aliyeitwa Periyar, aliongoza harakati ya kujiheshimu kuanzia 1925.

Mahad ni wapi, na kwa nini watu wanaitaja kila mara?

Ni mji mdogo kusini mwa Mumbai, jiji ambalo zamani liliitwa Bombay. Lilikuwepo bwawa la maji la mji, Chavdar. Waislamu walichota, Wakristo walichota, ng'ombe na mbwa walikunywa. Wadalit hawakuruhusiwa. Mwaka 1923 baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio kwamba maji ya umma ni ya wote, na halmashauri ya Mahad ikakubali mwaka uliofuata. Kwenye karatasi mambo yakaisha. Bwawani hakuna aliyethubutu kusogea.

Tarehe 20 Machi 1927, baada ya mkutano wa siku mbili, Ambedkar aliongoza maelfu ya watu kwa maandamano hadi bwawani, akainama, akateka maji kwa mkono, akanywa. Wengine wakafuata. Ndivyo ilivyokuwa, basi: watu wazima wakinywa maji mchana. Uvumi ukaenea kwamba sasa wanataka kuingia hekaluni, na wakazi wa kasti za juu wakawavamia wakiwa wanakula na wengine wakiwa njiani kurudi vijijini. Baadaye bwawa "likatakaswa" kwa vyungu 108 vya maji yaliyochanganywa na mavi na mkojo wa ng'ombe, maziwa na mtindi. Msomaji na apime mwenyewe nani alichafua maji.

Ambedkar alirudi Mahad mwezi Desemba. Wapinzani wake wakawa wamekwenda mahakamani wakidai bwawa ni mali binafsi, wakapata amri ya kuzuia. Akaitii amri. Badala ya kunywa maji, tarehe 25 Desemba mkutano ulichoma nakala ya Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria kinachotajwa kuhalalisha kasti. Katika hotuba yake aliufananisha mkutano ule wa wakulima na vibarua na bunge la Ufaransa la 1789, na akasema hawaendi bwawani kwa sababu maji yake yana ladha ya pekee. Wanakwenda kuonyesha kwamba na wao ni watu. Kesi ilichukua miaka kumi. Mahakama Kuu ya Bombay iliwapa ushindi 1937.

Watu wanaitaja Mahad kwa sababu inaonyesha kilichomtofautisha na wanasiasa wengi wa enzi yake. Haki ilikuwa imeshaandikwa. Yeye alitaka kujua kama inanyweka.

Yeye na Gandhi waligombana juu ya nini? Si wote walipinga kutoguswa?

Wote walipinga, ila mmoja alitaka wenye dhambi watubu na mwingine alitaka walioonewa wapewe madaraka. Gandhi aliona kutoguswa ni doa juu ya dini nzuri. Ambedkar aliona ni tunda la mti wenyewe.

Ugomvi ulipamba moto 1932. Waziri mkuu wa Uingereza Ramsay MacDonald alitangaza mwezi Agosti kwamba Wadalit watapata uchaguzi wao wa pekee: wapiga kura Wadalit watachagua wabunge Wadalit, na juu ya hapo watakuwa na kura ya pili katika uchaguzi wa wote. Ambedkar alikuwa ameupigania mpango huo London. Gandhi, akiwa gerezani Yerwada, Pune, alianza kufunga hadi kufa tarehe 20 Septemba ili uondolewe, akisema utaugawa Uhindu.

Hebu fikiria hali ya Ambedkar. Gandhi akifa, kila kijiji nchini India kitajua wa kumlipizia, nao ni Wadalit wasio na silaha wala polisi wa kuwatetea. Tarehe 24 Septemba akatia saini. Mkataba wa Poona uliongeza viti vya Wadalit katika mabaraza ya majimbo kutoka 71 hadi 148, lakini uliwanyima uchaguzi wa pekee: wao wangepiga kura ya awali kuteua wagombea wanne, kisha wapiga kura wote wa eneo wangemchagua mmoja.

Viti vikaongezeka maradufu, kwa hiyo wapo wanaosema alipata zaidi. Yeye mwenyewe hakukubali kamwe hesabu hiyo. Mbunge Mdalit anayehitaji kura za wasio Wadalit ili ashinde atawaogopa hao, si wale anaowawakilisha. Mjadala huo haujafa India hadi leo, na mtu yeyote aliyewahi kujiuliza mbunge wa kuteuliwa anamtumikia nani ataufahamu bila kuelezwa.

Kwa Ambedkar, demokrasia ilikuwa nini?

Hapa ndipo penye kiini. Huko Columbia alisomeshwa na mwanafalsafa John Dewey, na alichota kwake wazo kwamba demokrasia si aina ya serikali tu; ni namna ya watu kuishi pamoja, kuchanganyika, kubadilishana yale waliyopitia, na kumheshimu binadamu mwenzao. Uchaguzi ni sehemu ndogo ya jambo hilo. Kwa kipimo hicho, kijiji ambacho nusu ya watu hawawezi kuchota maji kisima kimoja na nusu nyingine hakina demokrasia, hata kikipiga kura kila mwezi.

Katika hotuba aliyoiandika kwa mkutano wa Lahore mwaka 1936, alikwenda mbali zaidi. Waandaaji walipoisoma kabla ya siku yenyewe walimwomba apunguze makali. Alikataa hata koma kubadilishwa, mkutano ukafutwa, naye akaichapisha kwa fedha zake. Alisema kasti si mgawanyo wa kazi tu, bali ni mgawanyo wa wafanyakazi. Ukigawa kazi, watu wanahitajiana. Ukigawa wafanyakazi kwa kuzaliwa kwao, hawaguswi na shida za wenzao. Dawa aliyoitaja ilikuwa watu kuoana bila kujali kasti, na zaidi ya hapo, kuvunja imani kwamba maandiko yanayoiruhusu ni matakatifu. Hapo ndipo waandaaji walipoingiwa na baridi.

Tarehe 25 Novemba 1949, siku moja kabla ya katiba kupitishwa, alisimama katika bunge la katiba na kutoa maonyo matatu. Kwanza, mkishakuwa na njia za kikatiba, acheni umwagaji damu na hata migomo ya uasi wa raia. Pili, msiweke uhuru wenu miguuni mwa mtu mmoja, hata awe mkubwa namna gani: katika dini kumwabudu mtu kunaweza kuiokoa roho, lakini katika siasa ni njia ya kwenda kwenye udikteta. Tatu, kuanzia tarehe 26 Januari 1950 tunaingia katika maisha ya kujipinga. Katika siasa kila mtu atakuwa na kura moja, na kura hiyo itakuwa na thamani moja. Katika jamii na uchumi, mtu mmoja hatakuwa na thamani moja. Tusipoliondoa hilo mapema, wanaoteseka watalipua jengo la demokrasia tulilolijenga kwa taabu.

La pili limepata mkasa wake. Leo sanamu za Ambedkar, mwenye suti ya buluu na kitabu cha katiba mkononi, zimejaa India nzima, na wanasiasa ambao angewapinga vikali ndio wanaozivisha maua.

Aliwezaje kuandika katiba ya nchi iliyomdharau?

Kwa uwezo na kwa siasa. Mwaka 1946 aliingia bunge la katiba kwa kura za Bengal, kwa msaada wa Jogendra Nath Mandal, kiongozi Mdalit wa huko. Nchi ilipogawanyika kuwa India na Pakistan alipoteza kiti hicho, na chama cha Congress, kilichompinga miaka yote, kikampa nafasi kupitia Bombay. Tarehe 29 Agosti 1947 akawekwa mwenyekiti wa kamati ya uandishi. Hakuiandika peke yake, kama baadhi ya wafuasi wanavyopenda kusema, lakini ndiye aliyeitetea ibara kwa ibara.

Katiba ilibadilisha nini?

Ibara ya 17 inafuta kutoguswa na kukataza desturi hiyo kwa namna yoyote. Ibara ya 15 inakataza ubaguzi wa kasti, na inataja wazi maduka, mikahawa, visima, mabwawa na barabara. Anayejua habari za Mahad anajua orodha hiyo ilitoka wapi. Kila mtu mzima akapewa kura kwa mkupuo, mwanamke kwa mwanamume, msomi na asiyejua kusoma, wakati ambapo wakoloni walikuwa wanatuambia sisi huku kwamba bado hatujakomaa kwa jambo hilo. Uchaguzi wa kwanza, 1951 hadi 1952, ulikuwa na wapiga kura wapatao milioni 173. Ambedkar mwenyewe aligombea Bombay, akashindwa.

Viti na nafasi za kutengwa si ubaguzi wa kinyume?

Swali hili huulizwa kwa hasira India, na kwa hasira hiyo hiyo huku kwetu kuhusu viti maalumu vya wanawake. Kwanza tujue mambo yalivyo. Katika bunge la India, majimbo 84 kati ya 543 yametengwa kwa Wadalit na 47 kwa makabila yaliyoorodheshwa, yaani jamii za wenyeji wa asili. Si viti vya kugawiwa na vyama kama Tanzania: ni majimbo ya kawaida, wakazi wote wanapiga kura, ila wagombea wote hutoka katika kundi lililotengewa jimbo hilo. Katika ajira za serikali kuu na vyuo vyake, Wadalit wana asilimia 15, makabila 7.5, na kasti nyingine zilizoachwa nyuma 27. Mahakama ya Juu iliweka 1992 kikomo cha jumla cha asilimia 50. Mwaka 2019 ikaongezwa asilimia 10 kwa maskini wa kasti za juu, na mahakama ikairuhusu. Wengi waliokuwa wakilia kwamba nafasi zigawiwe kwa uwezo tu hawakusikika siku hiyo.

Jibu fupi la mwandishi ni hapana. Asiyeruhusiwa kukaa darasani kwa karne nyingi haachwi aanze mbio pamoja na waliokuwa ndani. Hoja nzito zaidi ni nyingine: faida inachukuliwa na familia chache zilizotangulia. Mwezi Agosti 2024 Mahakama ya Juu iliruhusu serikali za majimbo kuyagawa makundi hayo upya ili walio nyuma zaidi wafikiwe, na Wadalit wenyewe wamegawanyika juu ya uamuzi huo.

Kwa nini alibadili dini?

Alitangaza katika mji wa Yeola mwaka 1935 kwamba alizaliwa Mhindu bila hiari yake, lakini hatakufa Mhindu. Alichukua miaka 21 kuchagua. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, alikuwa Mbuddha pamoja na wafuasi laki kadhaa, na akawaapisha viapo 22. Alifariki Delhi tarehe 6 Desemba mwaka huo huo. Alichokipenda kwa Buddha ni kwamba anamwachia mtu akili yake, na kwamba ni dini ya India yenyewe. Serikali ilichukua hadi 1990 kuwapa Wabuddha wenye asili ya Kidalit haki ya nafasi zilizotengwa. Wadalit Wakristo na Waislamu bado hawanayo.

Kwa hiyo leo yamekwisha?

Hayajaisha. Amepatikana rais Mdalit, K. R. Narayanan, mwaka 1997. Mayawati, mwanamke Mdalit, aliongoza serikali ya Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Wakati huo huo, kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono imepigwa marufuku kwa sheria mbili, ya 1993 na ya 2013, na bado watu wanakufa ndani ya mitaro ya maji machafu, wengi wao Wadalit. Ndoa kati ya kasti tofauti ni kama 5 katika kila 100, na vijana wengine wameuawa na ndugu zao kwa kuthubutu. Bwana harusi Mdalit akipanda farasi kupita mtaa wa kasti za juu, katika baadhi ya vijiji lazima asindikizwe na polisi.

Katika uchaguzi wa 2024 wapinzani walizunguka nchi wakiinua kijitabu cha katiba, wakidai chama tawala kikipata viti 400 kitaibadilisha. Chama hicho kilikanusha, kikapata 240, na wachambuzi wengi wanataja kura za Wadalit kuwa miongoni mwa sababu.

Wahindi wa Afrika Mashariki walikuja na kasti?

Walikuja nayo, kwa namna iliyopungua. Waliofika Unguja na Mombasa kwa biashara walitoka hasa Kutch na Gujarat, na wakajipanga kwa jumuiya: Bhatia, Lohana, Patel, Oshwal, kila moja na kumbi, shule na ndoa zake. Miongoni mwa Masingasinga waliojenga reli ya Uganda, mafundi wa kundi la Ramgarhia walianzisha mahekalu yao wenyewe. Mpangilio kamili wa kijiji haukuweza kusafiri baharini. Kilichosafiri vizuri ni ndoa. Waliohamia Uingereza baada ya Idi Amin kuwafukuza 1972 waliukuta mjadala huu huko, na Marekani jiji la Seattle lilikuwa la kwanza kupiga marufuku ubaguzi wa kasti, mwaka 2023.

Kuna kitu cha namna hii kati ya Waafrika wenyewe?

Kipo, ingawa tusiseme ni kitu kile kile. Mfano ulio karibu ni Watwa wa Rwanda na Burundi. Kwa desturi walikuwa wafinyanzi, na majirani walipika katika vyungu vyao, lakini hawakukubali kunywa nao kikombe kimoja wala kuoana nao. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi ilitamka mwaka 2002 kwamba ubaguzi wa nasaba, kasti ikiwemo, unaingia katika mkataba wake, na tafsiri hiyo haiishii India.

Rwanda imechagua kutotaja makabila katika sheria. Watwa huelezwa kama watu walioachwa nyuma kihistoria. Burundi imechagua kinyume: katiba ya 2005 iliwapa viti vitatu bungeni na vitatu katika seneti. Lakini wanaovikalia hawapigiwi kura majimboni. Wanaongezwa baada ya uchaguzi, kwa utaratibu ambao Watwa wa kawaida hawaushiki mikononi mwao.